Vanishi ya Maji na Bunduki Iliyokohoa

Mama Pacha ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kugusa kila kitu kilichotoka katika karakana yao. Mumewe alipima, akakata, akaranda na kuunganisha. Akimaliza alisogea pembeni, na mkewe akaingia na bunduki ya rangi.

Bunduki hiyo si ya kumuua mtu. Ni chombo cha mkononi chenye kikombe cha vanishi juu na mpira wa hewa chini. Mpira unatoka kwenye kompresa, ile mashine inayojaza hewa. Ukivuta kifyatuo, hewa huivunjavunja vanishi ikatoka kama ukungu na kutua juu ya mbao.

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pacha alipulizia milango, makabati, meza na vitanda. Wateja walipitisha kiganja juu ya mbao wakasema, "Huu ulaini ni wa yule mama." Aliipenda kazi hiyo. Aliipenda kuliko kupika, na mumewe alikuwa na ushahidi wa sufuria tatu zilizoungua.

Kisha kikaja kikohozi. Kilianza kidogo, asubuhi tu. Baadaye kikawa cha asubuhi na jioni. Mwishowe kikawa kinamkatiza katikati ya salamu, watu wanasubiri amalize ndipo wamjibu. Jumatatu moja akaenda hospitali.

"Unafanya kazi gani, mama?" daktari akauliza.

"Napiga vanishi kwenye mbao."

"Vanishi ya thina?"

"Ndiyo, thina ile ya kuyeyushia rangi."

"Na puani unavaa nini?"

"Kitambaa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kitambaa hakizuii mvuke wa thina. Mvuke unapita kana kwamba mlango uko wazi. Kifua chako kimechoka, mama. Iache thina. Usipoiacha, iko siku utaiacha kazi yenyewe, na siku hiyo hata ngazi tano hutaweza kuzipanda."

Alirudi nyumbani na dawa kwenye mfuko na mawazo kichwani. Katika karakana vilikuwa vimepangwa vitanda vidogo kumi na viwili vya shule ya chekechea. Mumewe alikuwa ameshavimaliza. Vilikuwa vinasubiri vanishi, na shule ingevichukua Jumamosi asubuhi.

Mume alisikiliza maneno ya daktari mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitatafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Mpiga vanishi mwingine. Wewe upumzike."

"Nipumzike mpaka lini?"

Mume akaanza kufagia maranda. Mama Pacha akaelewa kwamba hakukuwa na mpaka. Alijiona amekaa barazani akisikia kompresa inanguruma na mtu mwingine ameshika bunduki.

"Kuna vanishi ya maji," akasema. "Nimeiona dukani. Haichanganywi na thina. Inachanganywa na maji tu."

"Wanasema ile haifai."

"Wanaosema ni akina nani?"

"Watu."

"Watu hao wameijaribu?"

Mume akakuna kichwa. Hakuwajua watu hao. Akasema taratibu, "Mke wangu, sikutanii. Nakusikia unavyohema. Naogopa. Sasa tufanye hivi. Una mpaka Ijumaa mchana. Vanishi ya maji ikikubali, kazi ni yako. Ikikataa, huyo mtu anakuja na thina yake, na wewe hukanyagi tena humu ndani."

"Sawa," akasema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kichwani alikuwa ameshafika dukani.

Jumanne asubuhi alifungua kopo la vanishi ya maji. Ilikuwa nyeupe kama maziwa. Akaishangaa kidogo, kisha akafanya kama alivyofanya siku zote. Katika karakana ile bunduki ililala ndani ya kopo la thina, ili vanishi isigandie ndani yake. Hiyo ilikuwa desturi ya fundi aliyemfundisha, naye fundi huyo alifundishwa hivyo. Mama Pacha akaitoa bunduki, akaikung'uta, akaifuta kwa kitambaa. Akamimina vanishi, akalenga kipande cha ubao, akavuta.

Bunduki ikatema. Ukungu haukutoka. Yalitoka matone, kisha mabonge meupe, kisha hapakutoka kitu.

"Ni nzito," akajiambia. Akaongeza maji. Akaona bado. Akaongeza tena, bila kupima, mpaka nusu ya kikombe ikawa maji. Sasa ikatoka, lakini ilitiririka ubaoni kama machozi. Ubao wa pili ukawa na vipele kama ganda la chungwa. Wa tatu ukapata vanishi upande mmoja tu. Wa nne ulipokauka ulikuwa unakwaruza kama ulimi wa paka. Na muda wote huo bunduki nayo ilikuwa inakohoa. Inapuliza, inakatika, inapuliza, inakatika.

Mumewe alisimama mlangoni. "Nimwite yule mtu?"

"Leo ni Jumanne," Mama Pacha akajibu bila kugeuka.

Jumatano asubuhi mgeni akaingia. Alikuwa dada yake mume, wifi yake Mama Pacha. Alisema amepita tu, siku hiyo hakuwa kazini. Lakini hakuna mtu anayepita tu akiwa amebeba begi la zana.

Wifi huyu alifanya kazi kwenye gereji ya kupaka magari rangi. Tangu utotoni aliitwa Kwanini, kwa sababu hakuacha kuuliza. Mama Pacha alimpenda kwa mbali. Mara ya mwisho alipowatembelea, wifi alikaa sebuleni akauliza, "Kwa nini pazia lenu limegeuzwa ndani nje?" Pazia lilikuwa limekaa hivyo miaka miwili na hakuna aliyekuwa amegundua. Mama Pacha hakuwa amemsamehe sawasawa.

"Nani kakuita?" akauliza sasa.

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka mtu akatazama dari.

"Nilitaka ushinde," mume akasema. "Na mimi bunduki siijui." Akaondoka haraka kwenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wifi Kwanini hakucheka. Alizichukua zile mbao nne zilizoharibika akazipanga juani. Akazitazama moja moja kama mtu anayesoma barua.

"Wifi, hizi ni nzuri sana," akasema.

"Unanikejeli?"

"Hata kidogo. Kila ubao una kosa lake. Kosa likikaa peke yake linasema limetoka wapi. Gerejini tulipoanza rangi za maji, wote tulilia. Mimi nililia kwa sauti. Haya, tuanze na mabonge. Kwa nini vanishi iligeuka mabonge?"

"Ilikuwa nzito."

"Kwenye kopo ina mabonge?"

Wakachungulia. Kwenye kopo ilikuwa laini, haina hata bonge moja.

"Kwa hiyo mabonge yamezaliwa ndani ya bunduki," wifi akasema. "Bunduki ilikuwa wapi kabla ya hapo?"

"Ililala kwenye thina. Inalala humo siku zote."

Wifi akaomba glasi mbili. Akamwambia Mama Pacha asimame mbali, upande unakotoka upepo. Akatia vanishi kidogo katika kila glasi. Ya kwanza akaiongezea maji. Ikachanganyika vizuri. Ya pili akaidondoshea thina, akakoroga kwa kijiti. Mbele ya macho yao vanishi ikakatika, ikashikamana, ikawa mabonge kama maziwa yaliyoharibika.

Mama Pacha akasahau kununa. "Ehee. Kumbe ni hivyo."

"Thina iliyobaki kwenye matundu ndiyo ilikuwa inakuharibia. Bunduki hii imekunywa thina miaka kumi na mmoja. Kuifuta kwa nje hakutoshi."

Mume akaitwa. Kazi ya thina ilikuwa yake, nje, akiwa amevaa barakoa yenye vichujio iliyotoka kwenye begi la dada yake. Kwanza walifunga hewa na kuchomoa mpira, maana bunduki yenye hewa haifunguliwi. Akaiosha kwa thina safi mara ya mwisho, ili masalia ya vanishi ya zamani yatoke. Kisha akaisuuza kwa spiriti, kwa sababu spiriti hupatana na thina na pia hupatana na maji. Ndipo akaimalizia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Thina chafu aliitia kwenye kopo lenye mfuniko. Hakuimwaga mtaroni.

"Sasa itakuwa inalala wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Ukimaliza kazi unaiosha kwa maji pale pale, kabla vanishi haijakauka. Halafu unaikausha vizuri, pamoja na sindano yake ya ndani, ile inayofungua na kufunga tundu la vanishi. Isilale kwenye maji. Itashika kutu, na kutu itatokea kwenye mbao kama vidoa vya chai."

Wakachuja vanishi kwa kitambaa chepesi cha nailoni. Wifi akageuza kopo. "Hapa pameandikwaje?"

Mama Pacha akasoma pole pole. Vikombe kumi vya vanishi, maji yasizidi kikombe kimoja.

"Na wewe ulitia ngapi?"

"Usiniulize, wifi."

"Basi hiyo ndiyo michirizi yako. Tumeipata bila hata kufyatua."

Wakaanza na vanishi tupu, bila maji. Wifi akasimamisha boksi la karatasi ngumu ukutani. "Tunajaribu hapa kwanza. Na kila mara tunabadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilichokusaidia."

Mama Pacha akapewa barakoa ile, akaivaa. "Si umesema haina thina?"

"Haina thina, lakini ni ukungu wa vanishi. Mapafu hayataki vanishi, hata iwe ya maji. Na dirisha lile lifunguliwe."

Akafyatua. Kwenye boksi palitokea alama kama mwezi mchanga, nene upande mmoja na tupu upande wa pili.

"Alama nzuri ni kama yai refu," wifi akasema. "Hii imepinda. Uchafu uko wapi? Kwenye kifuniko cha hewa cha mbele, au ndani kwenye tundu la vanishi? Hebu geuza kifuniko nusu mzunguko, ufyatue tena."

Mama Pacha akageuza, akafyatua. Mwezi nao ukageuka, ukaangalia upande mwingine.

Akatazama boksi, akatazama bunduki. "Umegeuka pamoja na kifuniko. Kwa hiyo uchafu uko kwenye kifuniko. Ungekuwa ndani, mwezi ungebaki vile vile."

"Nani kakufundisha?"

"Si nimeona mwenyewe."

Walipokitazama kifuniko kwenye mwanga, tundu moja dogo lilikuwa limeziba. Mama Pacha akanyoosha mkono kuchukua msumari mwembamba. Wifi akamzuia. Msumari ungeongeza tundu, na tundu likiharibika halirudi. Wakatumia maji ya moto na kijiti cha kuchokolea meno. Alama ikawa yai.

Yai hilo lilikuwa na matone makubwa, ya kuleta vipele vya ganda la chungwa. Mama Pacha akaongeza maji kidogo, kwa kipimo cha kopo. Matone yakapungua. Kisha akafungulia hewa kidogo, akitazama geji, kile kipimo cha nguvu ya hewa, huku amevuta kifyatuo. Akafyatua, akatazama, akaongeza tena. Matone yakawa madogo, yakawa madogo zaidi. Alipoongeza mara nyingine, vanishi ilitua kama vumbi.

"Imekauka hewani kabla ya kufika," wifi akasema. "Rudisha kidogo."

Akarudisha. Sasa ilitua laini.

Mara bunduki ikakohoa. Ikapuliza, ikakatika, ikapuliza, ikakatika.

Wifi akakaza sindano. Ikakohoa. Akakaza mdomo wa mbele. Ikakohoa. Akakuna shavu. Mama Pacha hakuitazama sindano. Alikuwa anakitazama kikombe. Alikumbuka galoni la mafuta ya taa ambalo ukilimimina bila tundu la hewa juu, linagugumia, glu, glu, glu, na mafuta yanatoka kwa vipande.

"Wifi, vanishi inaposhuka, ni nini kinaingia kikombeni kuchukua nafasi yake?"

"Hewa. Kuna katundu kwenye mfuniko."

Mama Pacha akalegeza mfuniko kidogo, akafyatua. Ukungu ukatoka mfululizo, bila kukatika. Akaufungua mfuniko. Katundu kalikuwa kamezibwa na vanishi kavu ya miaka mingi, hata hakaonekani.

Wifi Kwanini akakaa kwenye benchi. "Mimi nilikuwa nahangaika na sindano," akasema. "Umenizidi, dada."

Mama Pacha akazibua katundu kwa kijiti. Alikuwa anatabasamu ndani ya barakoa, na barakoa ilisogea.

Sasa wakaja kwenye ubao. Wifi akamkumbusha mambo ya mkono. Bunduki ikae shubiri moja kutoka kwenye mbao. Mkono mzima usogee, si kifundo tu. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Hayo Mama Pacha aliyajua. Akapiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, jembamba. Ubao ukawa mweupe.

"Mbona nyeupe?" akauliza. "Jana niliona hivi nikaongeza nyingine."

"Weupe ni wa maji. Yakiondoka, unaondoka nao. Usiongeze kitu. Subiri."

Wakasubiri. Weupe ukapungua polepole, na mistari ya mbao ikaanza kuonekana, ya kahawia, mmoja baada ya mwingine. Hata mume alisogea kutazama. Walipogusa, ubao ulikuwa umekauka, hauna michirizi wala ganda la chungwa. Lakini ulikwaruza kama ulimi wa paka.

Wifi akaupapasa ubao tena. "Hili silijui," akasema. "Kwenye gari halijawahi kutokea. Kwa nini?"

Mama Pacha akapitisha kidole tena. Akaupeleka ubao kwenye mwanga akautazama kwa ubavu. Vinyuzi vidogo vilikuwa vimesimama.

"Gari ni bati," akasema taratibu. "Bati halinywi maji. Mbao inakunywa. Meza ya jikoni ukiiosha, ikikauka si inakuwa na vinyuzi? Ni vile vile. Maji yameamsha nyuzi, na vanishi imezikausha zikiwa zimesimama."

"Sasa unafanyaje?"

"Napitisha msasa laini, kidogo tu, nikate hivyo vinyuzi. Nafuta vumbi. Nikipiga mkono wa pili hazitaamka, kwa sababu mbao imeshafunikwa, maji hayaingii tena."

"Una hakika?"

"Sina. Tujaribu."

Akapitisha msasa, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akapiga mkono wa pili. Wakakaa kwenye benchi wote watatu, bega kwa bega, wakiutazama ubao unakauka. Ukiwapita ungedhani wanasubiri gari la abiria. Ulipokauka, Mama Pacha akamwambia wifi yake ajaribu kwanza.

Wifi akapitisha kiganja. Akarudia. "Wifi," akasema, "kesho nikija na daftari, utanieleza tena habari ya nyuzi?"

"Njoo," akasema Mama Pacha. "Na pazia nimeligeuza."

Alhamisi ilikuwa siku ya vitanda. Mkono wa kwanza asubuhi kwa vitanda vyote, dirisha wazi, barakoa usoni. Halafu msasa. Halafu mkono wa pili. Bunduki haikutema wala haikukohoa. Ijumaa asubuhi akapiga mkono wa tatu, mwembamba, na kufikia mchana vitanda kumi na viwili vilikuwa vimesimama mistari miwili, viking'aa kwa utulivu.

Saa saba mtu akabisha hodi. Alikuwa kijana mrefu mwenye begi begani na kopo la thina mkononi. Ndiye yule mpiga vanishi mwingine. Mume alikuwa amemwambia aje Ijumaa mchana, na katika furaha ya siku mbili akasahau kumwambia asije.

Kijana akasalimia, akaingia, akasimama. "Fundi, vitanda vyenyewe ni hivi?"

"Ni hivi."

"Mbona vimeshapigwa?" Akapitisha kiganja kwenye kitanda cha kwanza. Akainama, akanusa. "Na havinuki. Nani kapiga?"

"Mke wangu," mume akasema, na sauti yake ilijaa. "Ndugu yangu, utanisamehe. Nafasi haipo. Kazi hii ina mwenyewe."

Mama Pacha alisikia maneno hayo akiwa anaosha bunduki kwenye ndoo. Machozi yakamjia, akayaacha. Hakugeuka mpaka yalipoisha.

Kijana hakukasirika. Aliinua begi lake ili aondoke. Akageukia mlango, akashika fremu, akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha ndani, kisichotaka kuisha. Alisubiri kimalizike, kisha akapangusa macho. "Samahani, mama."

Mama Pacha akaiweka bunduki chini.

"Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Hiki? Cha kawaida tu. Miaka minne hivi."

"Kopo lako liache huko nje," akasema Mama Pacha, akamsogezea benchi. "Wewe ingia. Kaa hapa, nikuonyeshe."